Kisanduku Kilichoanguka Januari

Mtu akikuambia stoo ni kazi ya kukaa, mwambie akamuulize Severin. Kikosi alichofanyia kazi Severin hakikupigana vita na mtu. Kazi yake ilikuwa kubeba. Kilikuwa na helikopta sita, na meli za jeshi la majini zimetawanyika visiwani nje ya Stockholm na mbali kule bahari ya Baltiki, kila meli na shida yake. Hii imepasukiwa na mpira wa pampu, ile inataka barua na nyama, nyingine ina baharia aliyevimba jino. Helikopta inapeleka, inachukua, inarudi. Na helikopta nazo huharibika, bwana, tena sana, na vipuri vyake ndivyo alivyovilinda Severin, raia kati ya wanajeshi, ndani ya stoo isiyojua joto.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuja Sweden kusoma ufundi, akafaulu, vyeti vikalala kwenye bahasha, yeye akaenda kusafisha maofisi. Baadaye akapanga mizigo ghalani, baadaye akaendesha basi. Miaka kumi na tisa! Kwa hiyo alipopata kazi ya kikosi, mwezi wa nane, mkewe Agripina alipika pilau na nyumba yao ya Rissne, pembeni mwa Stockholm, ikajaa watu mpaka wengine wakala wamesimama. Lakini kazi yenyewe ilianza na miezi sita ya majaribio. Ukimaliza salama unapewa ya kudumu. Ukiteleza, kwaheri ya kuonana.

Zikiwa zimebaki siku kumi na saba, aliteleza.

Ilikuwa tarehe kumi na nne Januari, asubuhi. Mwenzake wa stoo, Peder, alikuwa kwa daktari. Severin alikuwa anapanga upya rafu ya B-14, na mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Kijisanduku kikamponyoka, kikaenda sakafuni. Kilikuwa kipima-kimo, ukubwa wa tofali, na kazi yake ni kumwambia rubani amebakiza mita ngapi kufika majini, kwa sababu usiku na kwenye ukungu macho hayamwambii. Kikosi kilikuwa navyo viwili tu vya akiba.

Severin aliinama. Akakiokota, akakigeuza huku na huku. Hakuna ufa, hakuna mkwaruzo. Kadi ya kijani, ile inayosema kifaa ni kizima, ilikuwa inaning'inia pale pale. Sheria aliijua, aliikariri kama sala: kifaa cha namna hii kikianguka, hata kama kinang'aa, unakifunga kadi nyekundu, unaandika ripoti kwa jina lako, kinarudi kiwandani. Ripoti yenyewe ni karatasi moja, dakika kumi. Waswidi huziandika bila kupepesa macho.

Sasa, hapo ndipo ungependa kumshika shati na kumtikisa. Lakini ngoja umjue baba yake.

Mzee Clement alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha kuchambua pamba, kule Shinyanga. Severin akiwa darasa la tano, baba alipokea beringi zisizo saizi, akazitilia sahihi. Akamwandikia meneja barua kwa mkono wake mwenyewe: nimekosa, naomba radhi. Barua hiyo hiyo ndiyo iliyomfukuza. Ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wafanyakazi waisome, na watoto wa wafanyakazi wakaja kuisimulia shuleni. Familia ikarudi kulima. Na baba kila alipokaa na mwanawe alimwambia neno moja: "Mwanangu, kosa lako usiliandike kwa mkono wako. Mungu analiona, inatosha."

Basi Severin akakifuta kisanduku kwa kitambaa, akakirudisha rafuni, nyuma ya kile kingine. Chenye afya mbele, kilichoanguka nyuma. Alijiambia kwamba kazi ya kudumu ikitoka tu atatafuta namna. Peder aliporudi kutoka kwa daktari alimkuta anapiga mluzi, na Severin si mtu wa kupiga miluzi.

Februari kazi ya kudumu ikatoka. Mkuu wa kitengo, Ann-Sofi, mama mwenye mvi fupi aliyeitwa kwa jina lake na kila mtu hata na vijana wa kufagia, jambo ambalo Severin hakulizoea kamwe, alileta mikate ile ya krimu wanayokula kabla ya Kwaresima. Wakampigia makofi. Severin alikula wake wote na hakuhisi ladha yake.

Namna haikupatikana. Namna gani? Sasa akisema, wataona tarehe. Kila siku iliyopita ilikuwa inaongeza urefu wa uongo, na yeye alikuwa anaiona inapita.

Aprili, Peder alipanda ngazi kushusha pampu, pampu ikamtoka. Kishindo chake kilisikika mpaka kwenye karakana. Severin alishika kichwa. Peder akatukana kidogo, akashuka, akakaa kwenye kompyuta, akaandika, kisha akaenda kunywa kahawa! Alhamisi yake, kwenye kikao, Ann-Sofi aliisoma ripoti mbele ya kikosi kizima, akasema, "Asante, Peder. Hivi ndivyo inavyotakiwa." Watu wakaitikia, wakaendelea na mambo mengine.

Severin alisubiri Peder afukuzwe. Alisubiri wiki tatu. Peder alikuwa analalamika juu ya timu yake ya magongo.

Ungesema hapo mwenye masikio amesikia. Wapi! Severin alijiambia: Peder yuko kwao. Mwenye kwao akianguka anadakwa. Mimi nikianguka, nani wa kunidaka? Na sitamcheka kwa hilo, maana sisi wote tuliokaa huku tumewahi kulifikiri, na mara nyingine tulikuwa sahihi.

Agripina aliliona kabla ya kuambiwa. Mwanamke analala na mtu miaka kumi na mitano, atakosaje kujua? Yeye alifanya kazi ya kutunza wazee huko Sundbyberg, karibu na kwao. Jumamosi moja ya Juni, binti yao Benedicta akiwa amezama kwenye simu sebuleni, alimbana jikoni.

"Baba Benedicta, una nini? Kama ni mwanamke, sema nijue."

"Ningekuwa na mwanamke ningelala usingizi," alisema Severin, na akamwambia yote.

Agripina alifunga bomba la maji. "Ndiyo hilo tu? Mimi kila wiki naandika. Nimempa bibi dawa saa nne badala ya saa mbili, naandika. Andika, mume wangu. Jumatatu hiyo hiyo, andika."

"Wewe humjui baba yangu yalimkuta nini."

"Baba yako alikuwa Shinyanga! Wewe uko Rissne!"

"Pappa, varför skriker ni?" Benedicta aliuliza mlangoni. Mbona mnapiga kelele.

"Hatupigi kelele, mama. Tunaongea," alijibu Severin kwa Kiswahili, na mazungumzo yakafia hapo.

Kesho yake, kama kila Jumapili, alimpigia mzee. Uso wa Mzee Clement ulijaa kwenye simu, pua mbele, kama kawaida. "Kazini umeshikilia?" aliuliza. "Nimeshikilia, baba." "Shikilia hivyo hivyo. Na lile neno langu?" "Nalikumbuka, baba." Agripina alisimama nyuma ya mlango amekunja mikono. Jumatatu Severin hakuandika.

Mwezi wa nane kikosi kilikuwa na mazoezi makubwa. Helikopta hazikupumzika: mabaharia wa nchi nyingine, masanduku, machela, mifuko ya barua. Tarehe ishirini fundi alikuja stoo akasema anataka kipima-kimo. Severin alimpa kizuri, kile cha mbele. Fundi akaenda zake, na rafuni kikabaki kimoja.

Aliagiza kingine siku ile ile, kwa haraka, kwa alama ya dharura. Kiwanda kikajibu: miezi kumi.

Tangu hapo Severin hakuwa mtunza stoo tena, alikuwa mlinzi wa rafu moja. Aliomba zamu za wikendi. Aliacha kwenda misa ya Kiswahili, watu wakauliza, Agripina akasema ana kazi nyingi. Alidamka kabla ya kengele, akapanda treni ya chini ya ardhi mpaka katikati ya mji, akabadilisha ya kusini, kisha basi, na akifika kitu cha kwanza alikwenda B-14 kabla hata ya kuvua koti. Kipo. Siku ikianza hivyo aliweza kupumua mpaka jioni. Kwa nini hakukificha, au kukivunja kabisa? Nami nilijiuliza. Nadhani alikuwa mwizi mbaya na mtu mwaminifu mbaya, yuko katikati, na katikati hapakaliki.

Novemba mafua yalimwangusha. Homa ya thelathini na tisa na nusu. Asubuhi ya kwanza alivaa viatu akafika mpaka mlangoni, Agripina akachukua funguo, akamwambia, "Utapita juu yangu." Alilala siku mbili.

Siku ya tatu alikwenda, kwa kuchelewa. Nje ukungu ulikuwa mzito mpaka meli hazikuonekana gatini. Rafu ya B-14 ilikuwa tupu.

"Walikuja kukichukua juzi," Peder alisema, akiwa na kikombe mkononi. "Ni kwa ile helikopta namba nne. Inaruka vizuri. Vipi, umepona?"

"Imesharuka?"

"Jumla ya saa tisa hewani mpaka sasa. Na inatoka tena saa sita, inapeleka watu sita kwenye meli."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na nusu. Severin alitazama dirishani, akatazama ule ukungu, akawaona watu sita wamekaa wamefunga mikanda, wanamwamini rubani, naye rubani anakiamini kisanduku. Alikaa kwenye kompyuta akaandika ripoti, mistari minne, kwa jina lake. Hakungoja isomwe, alikimbia mwenyewe mpaka uwanjani, bila koti, akipunga mikono kwa mtu aliyevaa vizuia-sauti masikioni. "Zima!" alipaza sauti kwa Kiswahili, kisha akakumbuka, akasema kwa Kiswidi. Injini zikazimwa. Wale sita wakateremka na mabegi yao wakinung'unika, wakaenda kunywa kahawa.

Ann-Sofi alimwita mchana. Alianza kama alivyomwanzia Peder. "Asante kwa kuandika, Severin. Kilianguka lini?"

"Tarehe kumi na nne Januari."

Ann-Sofi akadhani amesikia vibaya, akauliza tena. Severin akarudia. Yule mama alihesabu kwa vidole mezani, mwezi kwa mwezi, kisha akavificha vidole chini ya meza.

"Siku ile," alisema, "ungepewa kahawa na mkate wa mdalasini. Unajua hilo? Lakini miezi kumi. Umemwona Peder. Ulinitazama nikisoma ripoti yake."

"Nilikuona."

"Basi kwa nini?"

Severin alitafuta jibu ambalo lingeeleweka kwa Kiswidi, na hakulipata. Angeanza na pamba? Angeanza na ubao wa matangazo? Alisema, "Niliogopa." Ann-Sofi alisema anaelewa, na ilikuwa wazi kwamba haelewi, na kwamba inamuuma. Wakubwa waliamua mtu anayeweza kubeba siri miezi kumi kambini anaweza kubebeshwa nyingine na mtu mwingine. Kibali chake cha usalama kikafutwa, na bila kibali hakuna kazi. Alikabidhi kitambulisho getini. Mlinzi, ambaye alizoea kumtania juu ya baridi, alikipokea, akakitumbukiza kwenye droo.

Katikati ya Desemba Peder alimpigia. Alisitasita sana. Kisha akasema kiwanda kimekifungua kisanduku na kukipima siku mbili nzima. Kilikuwa kizima. Hakikuwa na kasoro hata moja. "Nilifikiri ungependa kujua," alisema Peder. Severin akamshukuru, akaweka simu mezani, akacheka, na kile kicheko kikamtisha Agripina kuliko kilio.

Jumapili kabla ya Krismasi alimpigia baba. Alikuwa ameshadanganya Jumapili nne, na ya tano ilimshinda. Alimsimulia yote, toka Januari mpaka getini. Mzee alikuwa amekaa uani, nyuma yake jogoo anawika.

"Nimeandika kwa mkono wangu, baba," Severin alisema. "Na wamenifukuza kama walivyokufukuza wewe. Ulisema kweli."

Mzee Clement alishusha simu, zikaonekana nguo kwenye kamba, kisha akaipandisha tena. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Sikusema kweli," alisema. "Zile beringi nilizijua siku ile ile. Nilikaa kimya miezi minne. Mashine ikashikwa, ikamkata mkono Masunga, unamkumbuka Masunga? Ndipo nikaandika. Hawakunifukuza kwa barua, mwanangu. Walinifukuza kwa mkono wa mtu."

Severin alimkumbuka Masunga. Alikuwa anauza karanga nje ya shule, mkono mmoja wa shati mtupu, umebanwa kwa pini. Hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini.

"Baba," alisema. "Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii. Kwa nini?"

Mzee aligeuka, akamtazama jogoo.

"Nilidhani," alisema, "hutafanya kazi ya stoo."