Mashine Nayo Husalimiwa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile Ijumaa simu zote za mtaa wetu wa Panda ziliponyamaza asubuhi, na kabla jua halijafika utosini tayari kijana wa watu alikuwa amefungwa kamba. Wewe umeanza kazi juzi kwenye mtandao wa nyaya za mwanga. Unakaa mbele ya skrini na soda yako, na mashine ikiumwa kichwa inakutumia ujumbe yenyewe. Haya, mimi sikuonei wivu. Kaa nikwambie sisi tulivyokuwa tukiijua afya ya mashine hizo, na kwa nini mimi, Mama Kapinga, mtoto wa Panda, natembea Likasi hii kichwa juu.

Nilikuwa bado msichana, mwanamke peke yangu katika kundi letu la mafundi wa mtandao. Mkubwa wetu alikuwa Papa Kasongo, ambaye ujana wake aliumalizia bwawani Mwadingusha, akilinda mitambo ya umeme. Alipoletwa kwetu watu walicheka. Mzee aliyezoea mitambo mikubwa kama nyumba atafanya nini na moduli ndogo kama kidole? Maana moduli ndiyo hiyo tu, kipande cha chuma unachokichomeka kwenye mashine. Ndani yake mna taa ndogo sana inayopeleka mwanga kwenye waya, na jicho la kupokea mwanga unaotoka upande wa pili. Taa hiyo ikifa, mtaa mzima unakuwa bubu.

Papa Kasongo hakunianzishia kazi kwa kitabu. Alinianzishia kwa salamu.

"Ukimuuliza muntu 'habari?', atakuambia 'muzuri', hata kama iko na mugonjwa ndani ya nyumba," alisema. "Njo maana bazee betu banauliza tena. Banauliza batoto, banauliza mwili, banauliza usingizi. Ukweli inatokaka nyuma. Mashine ni vile vile, mama. Usiisalimie mbio-mbio."

Na ni kweli, mwanangu. Taa ya moduli huzeeka kama sisi. Lakini haizeeki hadharani. Ikianza kuchoka, mashine huiongezea umeme ili mwanga ubaki uleule. Kwa hiyo ukiiuliza mwanga peke yake, itakujibu kila asubuhi kwamba ni mzima, haina neno. Ni lazima uulize tena: leo unakula umeme kiasi gani? Na joto lako je? Hapo ndipo utakapojua kwamba mwanga ni uleule, lakini taa inakula mara mbili ya ilichokula ilipokuwa mpya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami naamini waliona moduli kabla hazijatengenezwa.

Basi mimi nikawa nazisalimia kila asubuhi, kabla ya chai, moja baada ya nyingine. Wenzangu walinitania. Waliniita mke wa moduli. Niliwaacha waseme.

Moduli ya Panda ndiyo iliyoanza kunitia wasiwasi. Mwanga mzuri, umeme unapanda. Juma lililofuata, mwanga mzuri, umeme umepanda tena. Nikamwambia Papa Kasongo, naye hakunibishia hata kidogo. Alinipatia moduli mpya, tukakubaliana nikaibadilishe Jumapili, saa ya misa, watu wakiwa kanisani na simu zao zimezimwa. Nikaitia mkobani. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu haukungoja Jumapili.

Sasa sikiliza kosa letu sisi watu wa huku, maana sidhani kama kuna kwingine wanakolifanya. Mtu wa Katanga akiona waya ardhini anawaza shaba. Nyaya za mwanga hazina shaba hata chembe, ni kioo kitupu, lakini walikuwepo waliozichimba na kuzikata wakitafuta shaba, wakakuta kioo, wakatukana na kwenda zao. Ikatuingia desturi mbaya. Mtandao ukikatika, walinzi wa njia ya waya wanakimbia kumtafuta mwenye jembe, kabla fundi hajafungua mlango wa kituo.

Ijumaa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Tukiwa mjini tuliona Panda imetoweka, na hatukuweza kuiuliza lolote, kwa sababu njia ya kuulizia ndiyo hiyo hiyo iliyokufa. Nikamwambia Papa Kasongo, "Ni ile moduli." Akanijibu, "Twende tuone," tukapanda gari.

Karibu na nyumba za zamani za wafanyakazi, pale nilipokulia, tulikuta watu wamejaa. Pembeni ya barabara kulikuwa na shimo refu, na chini ya shimo ulionekana mpira wa plastiki unamopita waya wetu. Juu ya udongo alikaa kijana, jina lake Ilunga, mikono imefungwa nyuma. Mama yake alikuwa amepiga magoti mbele ya komanda wa polisi. Jeep ilikuwa inanguruma.

"Anaenda Buluo," mlinzi mmoja alitutangazia, kifua mbele. "Tumemukamata na jembe mukononi. Bacreuseur hawa, bachimbaji ba shaba, bote ni bamoya!"

Unaijua Buluo, mwanangu. Kijana maskini akiingia gereza lile kwa kosa la kukata waya, mama yake anaweza kumwota tu. Nilimwona yule mama akivuta kitambaa chake kichwani na kukirudisha, akivuta na kukirudisha.

Papa Kasongo alishuka garini polepole. Hakulitazama shimo. Alikwenda moja kwa moja kwa kijana, akachuchumaa mbele yake.

"Habari, mutoto?"

"Muzuri, Papa."

Muzuri! Amefungwa kamba, na anajibu muzuri. Kuna mtu kwenye kundi alicheka.

"Nyumbani beko bien?"

"Beko bien, Papa."

"Na mama, mwili yake iko namna gani?"

Hapo kijana akaanza kulia. "Mama iko na maumivu ya mugongo, Papa. Mayi kwetu haitoke tena, anaendaka kuteka mbali. Njo nilikuwa natafuta fasi tiyo ya mayi ilitoboka. Minye sikugusa waya yenu."

Papa Kasongo alisimama, akawageukia walinzi, na sauti yake sijawahi kuisikia vile tena. "Nani kati yenu alimusalimia huyu mutoto? Nani? Munamufunga muntu bule, hamuyamuuliza hata mama yake iko namna gani!"

Komanda ndiye aliyesema, tena kwa upole, kwamba mabomba mabovu yapo kila mahali Panda na kila mwizi ana mama. "Kama muko na kitu ya kusema, museme sasa. Jeep haitangoja."

Papa Kasongo akanitazama mimi. Mimi, mwanangu, mke wa moduli. "Mama, enda uisalimie."

Niliingia kituoni, kibanda cha mashine pale pale kando ya barabara, na sitakuficha, niliogopa nilipokuwa nikichomeka waya wa kompyuta yangu. Kama nimekosea, kijana huyu amekwisha. Nikasali Salamu Maria moja, nusu nusu. Kisha nikauliza. Umeme: umefika juu kabisa, pasipopitika. Joto: kali. Mwanga unaotoka: karibu na sifuri. Taa ilikuwa imekufa ikijitahidi, masikini. Lakini mwanga unaoingia, ule unaotoka mjini na kupita ndani ya mpira uleule pale shimoni, ulikuwa unafika vizuri kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako. Waya ulikuwa mzima, na ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Nilimwita komanda aje aone. Akatazama tarakimu, akakuna shavu. "Mademoiselle, hii minye siijue kusoma."

"Basi usisome, Komanda," nikamwambia. Hata leo sijui ujasiri ule niliutoa wapi. "Kama Ilunga alikata waya, hata nikiweka nini hapa, mwangaza haitapita. Kama inapita, umufungue."

"Nitamufungua," akasema.

Nikachomoa moduli ya zamani. Nikafuta ncha ya waya kwa kitambaa chake, taratibu, sikupuliza kwa mdomo kama ninyi vijana mnavyopenda kufanya, maana mate nayo ni uchafu. Nikachomeka mpya. Taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye mashine. Tukatoka nje, tukasimama.

Kisha simu ikalia mfukoni mwa mtu. Ikalia nyingine. Halafu zote kwa pamoja, mwanangu, mifukoni, kwenye mikoba, ndani ya vitenge vya akina mama, ujumbe wote wa asubuhi ile ukimiminika Panda kwa mkupuo. Na iliyolia kwa nguvu kuliko zote ilikuwa ya yule mlinzi aliyetoa kifua mbele. Watu walicheka hadi wakajishika mbavu, na komanda mwenyewe akakata kamba.

Mama Ilunga alinishika uso kwa mikono yake miwili. Nilijivuna siku ile, na najivuna sasa ninapokusimulia. Mtu asikudanganye kwamba kujivunia kazi njema ni dhambi.

Papa Kasongo naye alikuwa na hukumu yake. Aliazima majembe nyumba za jirani, akawapa walinzi. "Shimo hii mutaimaliza weye na weye," akawaambia, akiwanyooshea kidole mmoja mmoja, "na mulinde waya yetu." Wakachimba, jasho likiwatoka, watoto wa Panda wakiwahesabia. Tobo la bomba lilionekana hatua chache mbele, likazibwa, na kabla ya jua kuzama mama yake Ilunga alikinga ndoo mlangoni kwake.

Basi hili ndilo ninalokuachia, mwanangu. Hizo skrini zenu nzuri zitakuonyesha rangi ya kijani, nawe utaridhika, uendelee na soda yako. Usiridhike. Tazama kinachopanda polepole, kwa sababu kinachoanguka ghafla kila mtu atakiona, hata mlinzi. Mashine inayotoa mwanga mzuri iulize inautoa kwa gharama gani ya mwili wake. Ibadilishe kabla haijafa, na uchague saa isiyomkera mtu. Na ikifa kabla hujaiwahi, kwa maana binadamu hatuwahi vyote, anza kutafuta kosa ndani ya nyumba yako kabla hujatoka barabarani kumtafuta mwenye jembe. Kazi yetu watu wanadhani ni ya nyaya, lakini mwisho wa nyaya zote pana mtu.

Mungu wa baba zetu akupe subira ya kuuliza na macho ya kuona ugonjwa ungali mdogo. Akupe wakubwa wa kukukaripia kwa haki na wenzako wa kukutania bila chuki. Na siku mtu asiye na kosa atakaposimama mbele yako amefungwa kamba, Mungu ajalie akukute una jibu.