Kinyozi na Saratani Isiyojulikana

Kinyozi huyu alijulikana kwa maneno mengi, lakini mkewe alipofariki alibaki na habari moja tu: saratani ya tezi ndogo inayokaa juu ya figo. Mteja akishafungwa kitambaa shingoni alikuwa hana pa kukimbilia, atasikiliza mpaka mwisho.

Aliweka kopo la mchango chini ya kioo na kubandika picha ya mkewe.

"Pole, kinyozi. Shemeji amelazwa wapi?" mteja mmoja aliuliza huku akitoa noti.

"Alishafariki. Huu mwaka wa pili."

"Sasa hela za nini?"

"Za utafiti. Kuna daktari hospitali kuu anaichunguza saratani hii, ili wengine wapone."

"Aaa." Noti ikarudi mfukoni taratibu.

Wiki nzima ikawa hivyo hivyo. Mwishowe binti yake akamwambia, "Baba, watu wanasema unamfanya mama biashara." Maneno yale yalimchoma. Akazima mashine, akafunga duka saa nne asubuhi, akaenda kwenye kiwanda kimoja cha mjini ambacho kila mwaka kiliandaa matembezi ya hisani.

"Mzee wangu, sisi ni saratani ya matiti," ofisa wa pale alimwambia. "Watu wanaijua. Hiyo yako hata kuieleza ni kazi."

"Kwani marehemu alichagua?"

Ofisa akaangalia saa.

Kinyozi akaandaa matembezi yake mwenyewe. Walijitokeza watu kumi na tisa, saba wakiwa shemeji zake. Alichopata alikipeleka hospitali kuu kwa yule daktari mtafiti, mama mwembamba aliyekuwa akitafuta miwani yake ilhali ameivaa kichwani.

"Asante sana, baba," daktari alisema, kisha akafungua friji lililokuwa likinguruma pembeni. Ndani mlikuwa na vichupa vichache tu. "Ila ona. Bila vipande vya uvimbe, nichunguze nini? Wagonjwa wenyewe ni wachache, na ndugu zao hawataki kutia saini."

Kinyozi alikumbuka asubuhi ya upasuaji. Mkewe alikuwa hajitambui, na muuguzi alimletea yeye fomu ya kuruhusu kipande kihifadhiwe. Aliirusha ile karatasi. "Mke wangu si wa kufanyiwa majaribio!" alifoka mpaka wodi nzima ikageuka. Hakuna aliyekaa naye kumweleza.

"Daktari, hata mimi nilikataa."

"Najua. Fomu yako nilirudishiwa mimi."

Kinyozi akaomba aruhusiwe kuongea na wagonjwa na ndugu zao. Ruhusa yenyewe ilichukua miezi mitano. Barua ilikosa muhuri, ikapata muhuri ikakosa tarehe, kisha mwenye kuipitisha akaenda likizo. Kinyozi alikonda kwa hasira.

Siku yake ya kwanza alimkuta jamaa mmoja kwenye korido ya kliniki, anamuuguza kaka yake mwenye saratani hiyo. Kinyozi hata hakumaliza salamu.

"Wamekulipa kiasi gani?" jamaa aliuliza, akahamia benchi la mbali.

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, mgonjwa mwenyewe. Kinyozi akaanza tangu siku mkewe alipovimba uso. Mwalimu alisikiliza nusu saa.

"Umemaliza?" akauliza. "Ungeniambia kwa maneno matatu ningekuwa nimeshasaini. Kalamu iko wapi?"

Kinyozi aliikimbiza fomu kwa daktari kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Vizuri sana," daktari alisema. "Huyu ni wa saba. Tunahitaji arobaini."

"Arobaini!"

Akatoka nje, akaketi ngazini akijisemea peke yake. Mlinzi akamsogelea. "Kuna nini, mzee?"

"Nina hasira."

"Na nani?"

Kinyozi akafikiri. Kulikuwa na ofisa wa kiwanda, wateja, watu wa mihuri, ugonjwa wenyewe, na yule mwanamume aliyerusha fomu wodini.

"Foleni ni ndefu," akajibu. Akajifuta uso, akarudi ndani, maana yule jamaa wa benchi la mbali alikuwa bado hajaondoka.