Pombe ya Severina, Ukuta wa Siwema

Mwaka 1958, mtu akishuka lori pale Iringa hana ndugu wala pa kulala, wapagazi wa sokoni walimwonyesha njia bila kuulizana: shuka Makorongoni, ulizia kwa Bi Siwema, nyumba ya paa la madebe. Akifika hakuulizwa dini wala kabila. Aliulizwa kama amekula. Walipita pale wagonjwa waliokuja hospitali, wanawake waliofukuzwa na waume zao, hata mpiga zeze mmoja aliyekuwa ameshauza zeze lenyewe. Wengine walikaa siku mbili, wengine mwaka. Na msidhani Siwema alikuwa mpole. Alikuwa na ulimi yule mama, alikulisha huku anakusema, lakini uji wake ulikuwa wa moto na mkeka wake mkavu.

Watu hudhani mwenye moyo wa namna ile amezaliwa nao. Thubutu! Siwema binti Makame alifundishwa, tena kwa aibu.

Alizaliwa Kilwa, akaolewa Mbeya na muuza nguo aliyeitwa Yunusu. Waliishi miaka kumi na minane bila mtoto, na bila ugomvi pia. Yunusu alipofariki, ndugu zake walikuja wakalia kuliko mjane mwenyewe, wakamwacha akae eda yake kwa heshima zote, miezi minne na siku kumi. Eda ilipokwisha akaoga, akavaa, akafungua mlango wa chumba. Vyombo vyake vilikuwa vimepangwa barazani, vimefungwa kamba. Robo yake ya mirathi ililiwa mchana kweupe. Akapanda lori kwenda Iringa kwa binamu yake, akakuta binamu alikwisharudi pwani mwaka uliopita. Mtumai cha ndugu hufa maskini, ndivyo wasemavyo, na Siwema alikaribia kweli. Mwanamke aliyekuwa na vyumba sita akalala chini ya banda la soko, mwezi wa Juni, na baridi ya Iringa mwezi wa Juni haina adabu.

Bandani humo alimkuta Severina, mjane wa Kihehe, Mkatoliki wa rozari shingoni, ambaye kaka zake walikuwa wamelichukua shamba alilolilima kwa mikono yake. Miezi mitatu wanawake wale walilala mgongo kwa mgongo, wakigawana blanketi moja. Severina alimfundisha mwenzake kusema "Kamwene," salamu ya Wahehe, ili asionekane mgeni kila anapofungua kinywa. Siwema naye alimfundisha kukaanga vitumbua bila kuviunguza. Walicheka sana usiku wa pale, zaidi ya watu wenye vitanda.

Kisha kila mmoja akapata njia yake. Severina alipata kibarua cha kupika pombe kwa mama mmoja mwenye kilabu. Siwema akabaki na vitumbua. Madereva wa Chimala walimletea chenga za mchele kwa bei ya huruma, na baada ya mwaka hapakuwa na arusi wala maulidi ya mjini ambayo hakuitwa jikoni. Hapo ndipo kiburi kilipomwingia. Akina mama wa maulidi walimuuliza siku moja, kwa sauti ya kutafuna bizari, kama yule mpika pombe wa kilabuni ni shoga yake. Siwema akasema anamjua kwa sura tu. Tangu siku ile, akimwona Severina anakuja na mtungi kichwani, alivuka njia, au alijifanya anatafuta kitu ndani ya kikapu. Severina aliona. Mtu aliyelala naye mgongo kwa mgongo ataachaje kuona?

Mwaka 1954 Siwema alipewa kiwanja Makorongoni. Alinunua nguzo moja moja, akasimamisha nyumba, akaezeka madebe yaliyonyooshwa. Zilibaki kuta tu, fito zinaonyesha mbavu na upepo unaingia utakavyo. Karani wa viwanja, Philbert, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuja akatazama, akasema taratibu haina simile: mwisho wa Novemba kuta ziwepo, la sivyo kiwanja kinapewa mwingine. Na huyo mwingine alikwishaanza kupita pale jioni akipima kwa hatua. Siwema alihisi baridi ya lile banda inampanda tena miguuni.

Jirani yake, Danieli, fundi mwashi wa Kihehe, alimwambia asihangaike, aite mgowe. Akamweleza kwamba ukiita mgowe majirani wote wanakuja, wanafanya kwa siku moja kazi ambayo ungeifanya peke yako miezi miwili. Hakumwambia habari ya pombe. Hakuna Mhehe anayekumbushwa pombe ya mgowe, kama ambavyo hakuna Mwislamu anayekumbushwa kuvua viatu msikitini.

Siwema akafanya kwa moyo wote. Alichinjisha mbuzi, akapika pilau sufuria mbili, na chai ya tangawizi debe zima. Asubuhi walikuja watu zaidi ya thelathini, wakachimba udongo, wakaumwagia maji, wakaukanyaga huku wakiimba, na hadi saa nne ukuta wa mashariki ulikuwa umekandikwa. Ndipo wazee wakaanza kutazama upande wa jikoni. Siwema akatoka na chai, uso umejaa furaha. Wakapokea vikombe, wakanywa kimya. Wakala na pilau, wakaisifu kwa dhati. Halafu mmoja akakumbuka ng'ombe wake, mwingine akakumbuka mgonjwa, na kufika adhuhuri alibaki Danieli peke yake, akiukwaruza udongo miguuni, hajui aanzie wapi kusema.

Aliposema, Siwema alikaa chini palepale kwenye tope. Ukuta mmoja! Alilia kwa hasira kwanza, kisha kwa hofu. Danieli akasema watu watarudi, hawana kinyongo, ila bila pombe ule si mgowe, ni kibarua cha bure, na hakuna mtu mzima anayekwenda kibarua cha bure. Siwema akasema yeye ni mtu wa swala tano, pombe hawezi kuipika. Danieli akajibu kwamba hakusema apike yeye.

Alijua ni nani anayesemwa. Siku tatu alizunguka na jambo hilo kifuani. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, lakini kuna kuinama kunakouma mgongo. Siku ya nne akaenda kilabuni, akasimama mlangoni, mtandio umefunika pua.

Severina alikuwa anakoroga chungu. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Siwema akaeleza yote, kiwanja, karani, ukuta mmoja, pilau. Pale kwenye pilau Severina aliuma midomo asicheke. Kisha akasema kimea cha ulezi anacho, siku nane zinatosha, na vyungu atavipanga uani kwa Danieli, ng'ambo ya njia, ili tone lisivuke kiwanja cha Mwislamu. Siwema akauliza malipo.

"Sitaki pesa zako," Severina akasema. "Jumamosi nitapita sokoni na mtungi wangu kichwani, wenzako wa maulidi wakiwa wananunua viungo. Unisalimie."

Ni hilo tu. Siwema aliona afadhali angeombwa mbuzi wa pili.

Jumamosi akina mama walikuwa wamesimama mbele ya mafungu ya bizari, na Siwema katikati yao. Severina akaja, mtungi kichwani, hatazami pembeni. Siwema angeweza kuinamia kikapu chake kama siku zote, na njia ile aliijua vizuri. Badala yake akatoka kati ya wenzake, akasimama mbele ya mtungi, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo wanawake wa Kihehe.

"Kamwene, dada."

"Kamwene," Severina akajibu.

Siwema akawageukia wenzake akasema huyu ndiye aliyemfunika blanketi alipokuwa analala banda lile pale, na akalionyesha banda kwa kidole. Wengi hawakuwa wakijua kwamba mpishi wao wa maulidi aliwahi kulala sokoni. Mmoja alikunja uso akaondoka. Waliobaki walinunua bizari. Siwema alisema baadaye kwamba hajawahi kujisikia mwepesi vile tangu Yunusu afe.

Mgowe wa pili ulikuja na watu hamsini. Waliimba, walikanyaga, walikandika, wakavuka njia kwa Danieli kunywa na kurudi, wakaenda tena na kurudi polepole zaidi. Kuta tatu zilisimama kabla ya jua kuzama, moja imepinda kidogo, na mpaka nyumba ile ilipobomolewa haikunyooka. Siwema alijisemea pombe ni ya Severina, wageni ni wa Severina, ukuta ndio wake, na mengine Mungu ni mwingi wa rehema. Philbert alikuja wiki ya mwisho ya Novemba, akapapasa kuta, akaandika jina la mwenye nyumba kwa kalamu zote mbili, maana moja iliisha wino.

Siku hiyohiyo alasiri mvua ya kwanza ilianza. Siwema alisimama mlangoni kwake, mlango wake mwenyewe, anasikiliza madebe yanavyolia juu, anacheka peke yake. Ng'ambo ya njia alimwona Severina akifunga vyungu vyake mbiombio.

Akamwita, akamuuliza anakwenda wapi na mvua hii.

"Nyumbani," Severina akasema.

"Nyumbani wapi?"

Severina akafunga kamba ambayo ilikwishafungwa. Ndipo Siwema alipofahamu jambo ambalo kwa miaka miwili hakutaka kuliuliza: kule kilabuni mwenzake alikuwa analala jikoni, kati ya chungu na chungu, na asubuhi yoyote akifukuzwa hana pa kwenda.

"Chumba cha uani ni chako," akasema. "Ingia, mvua inakunyeshea."

"Na vyungu, Siwema? Wenzako watasemaje?"

"Vyungu viache kwa Danieli. Sijavialika."