Mpwa Wangu Amenifanya Shahidi wa Uchawi Ambao Haukuwepo

Admin, nashukuru umekubali kunisitiri. Nawasalimu nyote, na walionizidi umri nawaamkia shikamoo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nimeolewa, nina watoto wanne, tunaishi huku Kwale upande wa Ukunda. Sikusoma sana, niliishia kidato cha nne, lakini kila Jumatano baada ya Alasiri nasomesha wanawake wenzangu Qur'ani. Naandika nikiwa na uchungu, mnivumilie nikirefusha.

Nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana, siku ya mtihani wa hisabati sikuwa najua chochote. Nikajitupa chini, nikaanza kunguruma kwa sauti ya kiume kama mwenye pepo. Niliwaza nitapelekwa bwenini nikalale, yaishe. Kumbe mwenzangu wa dawati la nyuma akaingiwa na hofu naye akaanguka, kisha mwingine, hata kufika Adhuhuri uwanja mzima umejaa wasichana wanapiga mayowe. Akaletwa mtu wa kutupunga mapepo. Akanishika kichwa akauliza, "Nani aliyekutuma?" Swali hilo sikuwa nimelitazamia. Asubuhi ile mpishi wetu alikuwa amenigombeza kwa kuomba uji mara ya pili, basi jina lake ndilo lililonijia mdomoni. Nikalitaja. Bi Mishi (si jina lake) alifukuzwa siku hiyohiyo bila kuambiwa nani aliyemtaja, ana watoto wanne, akatoka langoni na mzigo wake kichwani huku sisi tukimzomea.

Siri hii sikumwambia hata mume wangu. Nilimwambia mtu mmoja tu, mtoto wa kaka yangu, nimwite Rama, niliyemlea tangu ananyonya. Alikuwa amesema uongo shuleni, mwenzake akapigwa kwa ajili yake. Nikamkalisha jikoni nikamsimulia, ili ajue uongo wa utoto unavyozeeka na mtu. Akalia. Akaniapia haitatoka kinywani mwake.

Sasa Rama ni mtu mzima, anatengeneza sinema. Miaka miwili nyuma alitoa moja ya kuchekesha, ya wasichana wa shule wanaopandisha mapepo ili wakwepe mtihani. Nilipoiona nikakitambua kisa changu. Na mle ndani mpishi ni mchawi kweli, anakoroga uji kwa fupa la mtu huku anakata viuno. Watu walicheka mpaka basi. Nikajiambia, ni sinema tu.

Halafu mwezi uliopita binti yangu akaja mbio na simu. "Mama, na wewe umo!" Ilikuwa ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote aweza kuandika. Ukurasa wa sinema ya Rama unasema kisa ni cha kweli, kwamba katika shule moja ya Kwale mpishi alipatikana akiwaroga wanafunzi, na kwamba mwongozaji alisimuliwa na shangazi yake aliyekuwa mwanafunzi pale na kushuhudia kwa macho yake. Chini wameweka gazeti ambamo Rama alihojiwa, na kweli ndivyo alivyosema.

Jamani, mimi? Mimi ndiye shahidi?

Nikaona mahali pameandikwa "Hariri", nikabonyeza. Nikafuta, nikaandika: "Yule mpishi hakuwa mchawi. Wallahi nasema kweli." Kwetu mtu akiapa maneno huishia hapo. Kufika jioni andiko langu limeondolewa, na ujumbe: "Tafadhali weka chanzo." Nikajibu, "Chanzo ni mimi, nilikuwepo." Nikaambiwa kumbukumbu za mtu binafsi si chanzo, linalotakiwa ni lililochapishwa. Nikaandika tena, likarudishwa la zamani tena.

Nikamwita Rama nyumbani. Nikamuuliza, "Mwanangu, mimi nilikwambia nini siku ile?"

"Shangazi, ni vichekesho. Sinema bila mtu mbaya nani ataitazama?"

"Na kwenye gazeti nako ulikuwa wachekesha?"

Akaangua kicheko. "Kumbe ni wewe unayenivurugia ukurasa! Nani huapa kwenye kamusi, shangazi? Mara ya pili mimi ndiye niliyerudisha la zamani."

Nikamwambia yule mpishi ni mtu hai, na yeye anajua ukweli kuliko mtu yeyote. Akaniangalia usoni. "Wanataka chanzo, si ndiyo? Twende kwa mwandishi sasa hivi. Useme kwa jina lako kwamba wewe ndiye uliyedanganya. Utaweza, ustadha?"

Nikainuka nikamletea maji ya kunawa. Akasema, "Basi tule," akajivutia sinia la wali niliompikia mwenyewe.

Sina hasira ya kuchekwa. Kinachoniumiza ni kwamba nilimpa aibu yangu ili imfunze, naye akaigeuza, akanitia mdomoni ushahidi wa uongo juu ya mja wa Mungu, na mnajua uzito wake.

Bi Mishi yuko hai, amezeeka, anauza viazi karai si mbali na kwangu. Tangu gazeti lile litoke watu wa hapa wamejua mpishi ni yeye, na watoto wakipita humpigia kelele za kwenye sinema, "Koroga, bibi, koroga!" Mjukuu wake amegoma kwenda shule. Jana nimemwamkia, akaitika kwa upole kama kawaida yake, akanivuta kando. "Mwanangu, wewe ulisoma pale na ni mtu wa dini, hutanificha. Watu wasema kwenye simu nimeandikwa. Mimi kusoma sijui. Hebu nisomee." Nikamwambia sina bando. Akasema, "Haidhuru, njoo Ijumaa baada ya swala, nitakununulia mimi."

Ijumaa ni keshokutwa. Nikisema ukweli naogopa mume wangu, na wale wanawake ninaowasomesha, na zaidi ya wote namwogopa yeye. Ndugu zangu, nishaurini. Nikikaa mbele yake na ile simu mkononi, nimsomee nini?