Fenda Alipojibu Utani

Katika darasa la Fenda Dukure, pale mjini Kayes, kuitwa mtumwa lilikuwa jambo la kila siku na hakuna aliyekunja uso. Birama Keita akiingia asubuhi, hata mkoba hajautua, humtafuta Asitan Kulibali kwa macho.

"We mtumwa wangu! Umekula kunde sahani ngapi leo? Jamani, fungueni madirisha, tutakufa humu!"

"Mtumwa wewe na ukoo wako mzima," Asitan humrudishia. "Babu yako tulimnunua kwa kibuyu cha chumvi. Na tulipunjwa!"

Hapo darasa hucheka mpaka mwalimu agonge ubao. Keita na Kulibali ni watani tangu mababu wa mababu, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Hata msibani utawakuta wazee wenye mvi zao wakifanyiana hivyohivyo, na mfiwa anacheka machozi yakimtoka.

Kwa hiyo Lasana Dukure alipoanza kumwita Fenda "mtumwa wetu," wenzake walicheka tu. Walidhani ni yaleyale.

Hayakuwa yaleyale. Lasana na Fenda walitoka kijiji kimoja, jina lao moja, na watu wa jina moja hawataniani. Walichangia jina kwa sababu wazee wa Lasana waliwamiliki wazee wa Fenda, wakawabandika jina lao kama ng'ombe anavyopigwa chapa. Vitabu vya shule vinasema utumwa ulikwisha zamani. Kijijini kwao vitabu hivyo havijafika. Harusi ikiwadia, akina Fenda ndio wa kupasua kuni, kupika na kunawisha wageni mikono, na wakiitwa kwa neno lile mbele za watu, sharti waitike.

Baba yake, Mzee Silamaka, aligoma kuitika. Hakupiga kelele wala hakushika rungu. Siku moja aliitwa, akanyamaza, basi. Wiki hiyohiyo dukani hawakumuuzia sukari, kisimani wakamnyima kamba, usiku ng'ombe wakaingizwa kwenye mtama wake. Baba na binti wakahama na magodoro mawili na mbuzi mmoja. Mjini mzee akawa mchota mchanga mtoni, anawauzia waashi.

"Tumeacha shamba, tumeacha na kaburi la mama yako," alimwambia Fenda, "kwa neno moja tu. Siku utakayoliitikia wewe, jua nimehama bure."

Fenda hakuthubutu kumwambia kwamba neno limewafuata, limekaa dawati la nyuma yake. Akamwendea mwalimu Kone.

"Ah, binti yangu!" Mwalimu akacheka, tumbo likamtikisika. "Mimi akina Trawore wananiita mtumwa mbele ya mke wangu. Ndiyo raha ya nchi hii! Usinune. Mjibu. Ukimjibu vizuri atakoma mwenyewe."

"Huyu hatanii, mwalimu."

"We mjibu tu. Utaona."

Ijumaa moja katikati ya muhula darasa lilichanga, likanunua kondoo na mchele. Wasichana walipika tangu asubuhi, Fenda miongoni mwao, na hilo halikumuuma, kwa kuwa Asitan naye alikuwa akilia kwa moshi pembeni yake. Wali ukapakuliwa kwenye mabeseni, watu wakakaa mkekani kwa duara. Lasana akajipatia nafasi karibu na mwalimu, akanyoosha mikono yake juu ya bakuli la kunawia.

"Fenda! Mtumwa wetu! Chukua birika, tunawishe. Kazi yako hiyo, usijifanye umesahau."

Kicheko. Fenda alikuwa bado amesimama na mwiko. Akamwangalia mwalimu Kone, naye akamkonyeza: haya, mjibu. Fenda akaweka mwiko chini, akaenda taratibu mpaka mbele ya Lasana, akaketi, akanyoosha mikono yake pia.

"Mtumwa wangu ni wewe, Lasana. Ninawishe mimi kwanza."

We! Mkeka ulilipuka. Birama alianguka chali. "Umepatikana, mwana! Mnawishe bibi yako! Na vidole umsugue!" Hata mwalimu alipiga makofi. Fenda mwenyewe aliona kitu chepesi kikimpanda kifuani, kitu ambacho hakukijua tangu watoke kijijini. Pengine mwalimu alisema kweli, alifikiri. Pengine sasa atacheka, nami nitacheka, na yataishia hapa.

Lasana hakucheka. Uso wake ulibadilika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Kofi lilitua kabla mtu hajajua mkono umeinuka.

"Unajua unasema na nani? Hata hilo jina unalojiita ni letu! Baba yako alikuwa anakula makombo yetu!"

Wali ulikuwa unatoa mvuke. Sasa wote walijua, na kila mmoja alitafuta pa kutazama. Mwalimu Kone alitazama nyama.

Jumatatu Mzee Silamaka aliitwa shuleni. Alifika na mchanga miguuni. Ofisini alimkuta baba mdogo wa Lasana kwenye kiti, kanzu imepigwa wanga hadi inasimama yenyewe. Ndiye aliyerudi kutoka Ufaransa mwaka juzi akaezeka madarasa matatu. Mzee hakupewa kiti.

"Ni utani uliokosa mpaka," mkuu wa shule alisema. "Kijana nimemwonya kwa lile kofi. Sasa binti aombe radhi, tuendelee na masomo."

"Niombe radhi ya nini?" Fenda akauliza. "Yeye ameniita mara mia. Mimi mara moja."

"Mwalimu Kone alikuwepo. Mwalimu, ulikuwa utani?"

Mwalimu alimtazama yule bwana wa kanzu, akayatazama mabati nje ya dirisha.

"Utani tu, mkuu. Watoto."

"Kama ni utani," Fenda alisema, "aseme hapa kwamba mimi si mtumwa wao. Aseme, na mimi nitaomba radhi kwa magoti."

Lasana alimtazama baba yake mdogo. Baba mdogo akatazama saa yake.

Mkuu akamgeukia mzee. "Mwamuru binti yako, mzee wangu."

"Mimi simwamuru mtu kuitika," alisema Mzee Silamaka.

Fenda alifukuzwa kwa majuma matatu kwa kosa la kumtusi mwenzake. Mtihani wa majaribio ulifanyika bila yeye.

Aliporudi, neno lile halikusikika tena darasani, kwa mtu yeyote. Birama aliingia, akatua mkoba, akafungua daftari. Asitan alikuwa amehamia dawati jingine. Fenda alipomfuata wakati wa mapumziko, rafiki yake alikuwa akifunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekwisha kufungwa.

"Sikuchukii," Asitan alisema. "Lakini sasa nani atathubutu kucheka? Kila mtu anaogopa. Tulikuwa tunafurahi, Fenda."

"Mimi sikuwa nafurahi."

"Najua. Sasa najua." Akaondoka na wenziwe.

Jioni baba alikuwa uani akijisugua miguu.

"Je, wamekuita tena?"

"Hapana, baba," Fenda alijibu. "Siku hizi hawaniiti kabisa."