Anayesimama Mbele ya Mtutu

Kuweka sawa vilengeo vya bunduki nyumbani, kabla ya kwenda kwenye uwanja wa shabaha, ni kazi ya watu wawili. Nilikuwa sijui hilo, kwa sababu miaka yote tulikuwa wawili.

Ninaishi upande wa Itilima, karibu na pori la akiba, ambako tembo huingia mashambani mahindi yakianza kukomaa. Bunduki nimeirithi kwa baba, na kibali nikakihamishia jina langu baada ya kuzungushwa ofisini mpaka soli za viatu zikaisha. Kila mwaka, kabla ya msimu wa tembo, sisi wachache wenye bunduki tunaosaidia kuwafukuza huitwa Bariadi kupimwa shabaha. Asiyejua risasi yake inakwenda wapi haruhusiwi kufyatua hata hewani, maana risasi ya hewani nayo huwa na mahali pa kushukia. Huyo anaondolewa kwenye orodha, na watu wa kijiji hawampigii simu tena.

Kwangu mimi simu hiyo ndiyo iliyobaki. Wanangu wako Mwanza na Dar, hupiga Jumapili wakikumbuka. Tangu mke wangu afariki, mwaka jana baada ya kuvuna pamba, mtu pekee anayenitafuta kwa haraka ni yule aliyeona tembo shambani kwake. Nikiondolewa, nitakuwa mzee wa kukaa tu, na kukaa tu nilikuwa nimeshakuonja miezi kadhaa. Sikukupenda.

Kazi yenyewe tuliifanya hivi. Nachomoa bolti, kile chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma, na kuiweka mezani waziwazi, ili mtutu ubaki bomba tupu la kupitisha mwanga. Bunduki nailaza juu ya gunia la pamba. Wengine hutumia mchanga, lakini sisi ni watu wa pamba, nani aende mtoni kuchota mchanga wakati gunia liko ndani? Mke wangu anasimama mwisho wa uwanja wetu, kichuguu kikiwa nyuma yake, ameshika ungo wenye doa la mkaa katikati. Nachungulia ndani ya mtutu kwa nyuma mpaka doa likae katikati ya duara. Kisha, bila kuigusa bunduki, nainua jicho kidogo na kutazama kupitia vilengeo: ule mwanya wa nyuma, na kile kijino cha mbele karibu na mdomo wa mtutu. Vikielekea pembeni ya doa, yeye anasogeza kidole juu ya ungo mpaka niseme hapo hapo. Nafasi kati ya kidole na doa ndiyo kasoro ya kurekebisha. Ni makadirio tu, ili risasi za kwanza ziguse karatasi. Mengine humaliziwa uwanjani.

Ugomvi wetu ulikuwa kulia na kushoto. Nikisema kulia, anauliza, "Kulia kwako au kwangu?" Nikijibu kwangu, anasogeza kwake, nadhani kwa makusudi. Mwishowe tukaachana na maneno hayo. Pale nilipokaa, Lamadi iko mkono wa kushoto na Maswa mkono wa kulia, basi nikawa naita kama mtu anavyomwita mama kwetu, "Mayu, kwa Maswa kidogo. Aa, umepita, rudi kwa Lamadi." Aliyepita njiani angedhani tunapanga safari.

Mwaka huu wito ulipokuja nilikwenda kwa jirani yangu, mtu wa rika langu ambaye shamba lake nimelilinda mara nyingi. Tukasalimiana, "Mwadila, ngosha," akanikaribisha kigoda. Nikamweleza kwamba namhitaji alasiri moja tu, ashike ungo.

"Nisimame wapi?"

"Mwisho wa uwanja, kwenye kichuguu."

"Na bunduki inatazama wapi?"

"Bolti nitaitoa. Utaishika wewe mwenyewe mkononi."

Akacheka, akatikisa kichwa. "Ngosha, mimi kwa ng'ombe niombe, kwa jembe niombe. Kusimama mbele ya bunduki, hapana. Hata ingekuwa ya mti."

Sikumlaumu. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba kumbe katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu wa kusimama mbele ya mtutu wangu na kunitania, na mtu huyo tumemzika. Niliwaza hivyo nikakasirika. Nikamkasirikia hata yeye, Mungu anisamehe, kwa kuondoka bila kuniambia kazi hii atamwachia nani.

Basi nikaifanya peke yangu. Ungo nikaufunga kwenye mti niliouchimbia pale kwenye kichuguu. Nikachungulia mtutuni mpaka doa likakaa katikati. Nikatazama kupitia vilengeo, nikaona kama vinaelekea kushoto kidogo, lakini macho yangu si ya kuaminiwa tena. Nikaenda kuchomeka kijiti kwenye ungo pale nilipodhani, nikarudi, nikatazama. Kijiti hakikuwa mahali pake. Nikaenda tena kukisogeza, nikarudi. Kila nikirudi kushoto kunazidi. Nilikwenda na kurudi mpaka kuku wakaacha kunikimbia. Kuna wakati nilijisikia nikisema kwa sauti, "Kwa Maswa kidogo," na mti haukusogea. Nikakaa chini kwanza.

Mwisho nikachukua nyundo ndogo na kipande cha shaba, nikakigonga kile kijino kuelekea kulia mpaka vilengeo vikakubaliana na doa. Nikajiambia kazi imekwisha. Nilijisifu kidogo pia, kwa kuwa hapakuwa na wa kunisifu.

Uwanjani alikuwepo afande mwanamke, umri wa binti yangu wa pili. Akanipa shikamoo, akakagua bunduki, akanielekeza pa kulala kifudifudi. Nikafyatua zile za kwanza. Karatasi yangu ilikuwa nyeupe katikati. Matundu yamejazana ukingoni kushoto, na moja halikuonekana kabisa. Niliona simu yangu ikikaa kimya mezani mahindi mpaka mahindi, na mimi nikiitazama.

Afande akaja nilipolala. Akaichukua bunduki, akaigeuza kwenye mwanga, akakipangusa kijino kwa kitambaa.

"Baba, hiki kilengeo kimeguswa juzijuzi. Ona, mstari wa kutu unaonyesha kilipokuwa kimekaa." Akanisogezea nione. "Kwa nini ulikigonga?"

"Kilikuwa kinaelekea pembeni."

"Uliilaza juu ya nini?"

"Gunia la pamba."

"Ukawa unaondoka na kurudi?"

Hapo nikaelewa, kabla hajamaliza kusema. Pamba ikibebeshwa mzigo hunywea polepole. Kila nilipokwenda kwenye ungo, gunia lilikuwa linashuka upande mmoja na mtutu unaacha doa, na mimi sikurudia kuchungulia ndani. Zamani haikuwa shida, kwa sababu sikuondoka kwenye bunduki hata mara moja. Aliyekuwa anasogea ni yeye.

Akakigonga taratibu kurudi kushoto, mpaka kikakaa juu ya mstari wake wa zamani. Akanipa nafasi ya pili. Nikalala tena, nikavuta pumzi, nikafyatua. Safari hii matundu yalikaa karibu na kiini, yamekaribiana vizuri kabisa. Akaandika, akasema jina langu linabaki. Tembo wakiingia nitapigiwa.

Nilitakiwa nifurahi. Nilifurahi pia, kwa upande mmoja. Lakini niliumia sana kwamba kile kijino kilikuwa sawa tangu mwaka jana, alasiri ile ya mwisho ya kidole chake juu ya ungo, na mimi ndiye niliyekwenda kukiharibu.

Afande alinirudishia bunduki. "Mwaka jana ulikirekebisha na nani, baba? Kilikuwa kimekaa vizuri sana."

"Na mke wangu."

Akatabasamu. "Basi mwakani usifanye peke yako tena. Na leo ukifika nyumbani, mwambie mama kazi yake ni nzuri."

Nikamwambia, "Nitamwambia, afande."