Ndoo ya Pili

Mgeni akifika Kindu na kuuliza oteli ya bei ya chini, watu wa mtaa wetu wa Kasuku watamshauri kabla hajashuka kwenye pikipiki. Bomba la bafu ulifungue taratibu, maana hutoka hewa kwanza, halafu kutu, halafu pengine maji. Oga mchana, pipa la juu ya paa likiwa limepata jua. Nguo usiingie nazo, zitundike nje kwenye msumari, kwa sababu mle ndani kila kitu hulowa isipokuwa wewe. Na zaidi ya yote: usipake sabuni kichwani kabla ya kuiona ndoo ya pili kwa macho yako. Leo nina vyumba vyangu vya kupangisha na wageni nawaambia hivyohivyo. Hawasikii. Kila juma kuna mtu analia bafuni.

Hayo nilijifunza wakati wa vita, nilipokuwa mchota maji wa oteli moja karibu na mto. Bomba lilikuwa limekauka zamani, ila mwenye oteli hakutaka litolewe. Alisema linaleta heshima. Maji niliyaleta mimi, kwa kichwa, kutoka mto Lualaba.

Mume wangu alikuwa amekwenda machimbo ya Kalima kutafuta kasiterite, yale mawe ya bati, vita ikafunga njia nyuma yake. Hakuna barua, hakuna mtu aliyemwona. Tulibaki mimi, watoto, mama mkwe wangu, na sanduku la nguo zake. Mji mzima ulikuwa unauza nguo wakati ule. Mwalimu mmoja alibadilisha suruali ya harusi yake kwa muhogo, na wakulima walirudi vijijini wamevaa kama mawaziri.

Kila mtu akawa na shauri kwa sanduku letu. Majirani walisema uza, watoto hawali suruali. Mama mkwe hakutaka hata kusikia.

“Hawauzishake nguo ya muntu muzima,” aliniambia. “Siku utaiuzisha, njo siku utakuwa umemuzika.”

“Na kama alikufa, mama?”

Akaninunia siku nzima. Nami nikamnunia. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, kila mmoja ametazama ukuta wake.

Mwishowe nilichukua suruali moja kwa siri, nikampelekea mama mmoja aliyekuwa akiuza nguo kuukuu sokoni. Aliigeuza, akainusa, akaniuliza: “Bwana yako iko muzima ao alikufa?” Nikamwambia sijui. Akanirudishia.

“Nguo ya marehemu wanaileta imefuliwa, imepigwa pasi,” alisema. “Wanawake wanailia kwanza. Nguo ya muzima inakuja na jasho yake, mwenyewe anaivua palepale sababu ya njaa. Hii yako sijui ni ya nani. Uende ujue kwanza.”

Nilikasirika hadi masikio yakawa moto. Ningejua wapi? Vita yenyewe ilikuwa haijui.

Baadaye njia ikafunguka kidogo, na wachuuzi wakaanza kutoka Kalima kwa baiskeli. Mmoja alifikia pale otelini, matope hadi kwenye nyusi. Nikampa ndoo ya kwanza, nikampa na mashauri yote. Akasikia moja tu, la msumari. Nilipokuja na ndoo ya pili, nikaliona koti.

Koti la kahawia, mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia. Mikono ile niliishona mimi, na mimi kushona sijui. Ndilo koti aliloondoka nalo mume wangu. Nikasimama pale mlangoni na ndoo kichwani.

“Mama! Leta mai! Sabuni inaniingia macho!”

“Mai iko hapa, papa. Hii koti ulinunua wapi?”

“Kalima! Leta mai!”

“Ilikuwa chafu ao safi?”

Nadhani alifikiri namtukana.

“Safi kabisa, mama! Imepigwa pasi! Mimi sinunuake nguo ya kunuka!”

Sijui ndoo niliishusha vipi. Nilijikuta nimekaa chini kwenye matope. Imefuliwa, imepigwa pasi. Mungu wangu, wamemzika huko bila mimi. Sauti ikanitoka, ile ya matanga, mwenye oteli akaja mbio akidhani jeshi limeingia.

Mle bafuni mtu wa watu akashikwa na woga. “Mama, kuna nini? Mimi sikuiba! Nilinunua kwa mwenyewe, alikuwa anasimama palepale mlangoni! Bibi yake njo alipiga pasi!”

Nikaacha kulia.

“Bibi yake gani?”

“Nitajua wapi, mama? Bibi yake. Iko na mimba. Sasa leta mai!”

Nikanyanyua ndoo nikaimwaga yote juu ya mlango. Sijui ilimpata kiasi gani.

Sitasema uongo, nilifurahi. Yu hai! Kutoka oteli hadi sokoni nilicheka peke yangu, watu wakanipisha. Kutoka sokoni hadi nyumbani nilikuwa natafuta jiwe.

Mama mkwe alikuwa uani anatwanga sombe. Nilitaka kumpa habari polepole, nikashindwa.

“Mama, mutoto yako iko muzima.”

Mchi ukaanguka. Akapiga magoti, akainua mikono, machozi yakamtoka bila sauti. Nami sikuwa na nguvu ya kungoja amalize.

“Iko Kalima na bibi mwingine. Huyo bibi iko na mimba.”

Alibaki vilevile, mikono juu. Nikauona uso wake unageuka, kisha unageuka tena. Baadaye akanishika mkono, akanivuta nikakaa karibu naye.

“Mwanangu,” alisema, “uniache nifurahi leo. Kesho tutamukasirikia sisi wote mbili.”

Nikamwacha. Aliimba akipika, akawapa watoto sehemu yake ya chakula, akapita kwa majirani wote kuwatangazia ile nusu ya kwanza ya habari. Mimi nililala nimegeukia ukuta.

Asubuhi nilimkuta uani, amekwisha kuoga na kujifunga kilemba. Sanduku lilikuwa wazi. Suruali zote za mwanawe alikuwa amezifunga ndani ya kikwembe chake cha kitenge, na kanzu yake ya sikukuu ya Idi, aliyomshonea mwenyewe, ilikuwa mkononi.

“Vaa, tuende soko,” aliniambia. “Wewe utabeba suruali. Hii kanzu, mimi mwenyewe njo nitaiuzisha.”